Kuongeza Vyumba Bila Kuiua Nyumba

Msikilizaji wangu, kama karatasi na kalamu viko karibu, vichukue. Kama uko garini kwenye foleni ya Kibarani, au umesimama ndani ya feri unavuka kwenda Likoni, basi chora kichwani tu. Leo tunachora nyumba, na kwa vile redio haina picha, itabidi unifuate polepole.

Anza na kiwanja. Upana futi 50, urefu futi 80. Barabara iko mashariki, upande wa baharini. Ndani ya kiwanja weka nyumba ya Kiswahili, ile waliyokulia wengi wetu: baraza la futi 6 mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja mpaka mlango wa uani, na vyumba sita, vitatu mkono huu na vitatu mkono ule. Upana wa nyumba ni futi 30, urefu wake 36. Nyuma ya nyumba kumebaki ua wa futi 38 mpaka ukuta wa mwisho, na huko ndiko kuna choo na banda la jiko. Upande wa kaskazini kuna kinjia cha futi 5. Upande wa kusini kuna nafasi ya futi 15, ambayo kwa sasa ina kamba ya nguo, mpapai mmoja na kuku.

Nyumba hiyo huhitaji kuambiwa iko wapi. Hapa Mombasa iko Mtongwe na Bofu, iko Mlaleo na Mshomoroni, iko Chaani na Magongo. Ukienda Ng'ambo ya Unguja au Kariakoo ya Dar es Salaam utaikuta, imevaa bati lile lile.

Sasa mwenye nyumba anataka vyumba vitatu zaidi. Kijana ameoa. Au binti amerudi na watoto wake. Au mzee amestaafu bandarini na anataka kodi ya kumsogeza mwezi hadi mwezi. Sababu za kuongeza vyumba hapa kwetu hazijawahi kupungua, na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na kile kinachofuata.

Fundi anaitwa. Anazunguka nyumba, anapiga hatua, anasimama pale kusini penye kamba ya nguo, anasema: "Mzee, hapa kazi ni rahisi. Vyumba vitatu vinakaa hapa, na ukuta mmoja tayari tunao." Maana yake ni kwamba vyumba vipya vitaegemea ukuta wa kusini wa nyumba, futi 10 kutoka ukutani, na zitabaki futi 5 za kupita. Mzee akisikia ukuta mmoja umeokolewa, moyo unatulia. Mawe ya matumbawe yamepanda bei, simiti imepanda, gari la mchanga nalo limepanda. Anayekupunguzia ukuta amekufaa.

Tazama karatasi yako, msikilizaji. Vile vyumba vitatu vya zamani vya upande wa kusini, madirisha yao yako wapi?

Yalikuwa kwenye ule ukuta uliookolewa. Sasa yanatazama ndani ya vyumba vipya. Mafundi wengine huyaziba kwa mawe, wengine huyaacha na kuweka pazia, na watu wa vyumba viwili wakaishi wakisikia kikohozi cha mwenzao mpaka alfajiri. Vyovyote vile, vyumba vile vitatu vimekufa. Mchana taa zinawaka. Usiku feni inazungusha joto lile lile. Godoro linanuka unyevu, ukuta unaota ukungu, mtoto hapoi kifua. Vimejengwa vitatu na vimeuawa vitatu, na mzee amelipa fundi kwa kazi zote mbili.

Ndiyo maana mtu akiniambia ameongeza vyumba, mimi humuuliza ameziba madirisha mangapi. Nyumba ya pwani huhesabiwa kwa hewa inayopita ndani yake. Chumba kisichopata upepo Mombasa ni stoo, hata ukikiwekea kitanda cha samadari.

Tuzungumze basi kuhusu upepo na jua, maana hapo ndipo ramani inapoamuliwa, na Mungu ametupa sisi watu wa Mombasa dira ambayo watu wa miji mingi hawana. Makka iko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa longitudo na Mombasa. Tofauti haifiki hata nusu ya nyuzi moja. Kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, moja kwa moja. Anayeswali anajua kaskazini yake bila kuuliza mtu. Na jirani asiyeswali kwa kibla atazame tu mihrabu ya msikiti wa mtaa inapotokeza nje ya ukuta; imeelekea kaskazini.

Simama basi ukielekea kibla. Jua linachomoza kuliani kwako na kuchwea kushotoni kwako. Kwa kuwa tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, adhuhuri jua linakuwa karibu juu ya utosi. Mwezi Juni linaegemea kaskazini kiasi cha nyuzi 27, Desemba linaegemea kusini kiasi cha nyuzi 19, basi. Ukuta unaotazama kibla na ule wa kinyume chake hazipigwi na jua kwa ukali. Upenu wa futi 2 tu juu ya dirisha la futi 4 unatosha kulifunika karibu lote adhuhuri, mwaka mzima. Lakini ukuta wa magharibi haufunikiki. Kuanzia saa tisa alasiri jua linashuka, linaingia chini ya upenu wowote utakaoujenga, linapiga ukuta mpaka magharibi, na jiwe likishashiba moto huo hulitoa pole pole usiku kucha, wakati ule watu wanataka kulala.

Upepo nao una tabia zake. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, unatoka kaskazini-mashariki. Kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, unatoka kusini na kusini-mashariki. Ukiuacha ule upepo wa alfajiri utokao bara, pepo zetu zote mbili kubwa zinakuja na bahari mgongoni. Hazitoki magharibi.

Ukiyajua hayo mawili, ramani inaanza kujichora. Kila kitu kinachotoa moshi, harufu au maji machafu kikae magharibi: jiko, choo, bafu, shimo. Upepo utachukua harufu na kuipeleka nje ya kiwanja badala ya kuirudisha vyumbani, na kuta za vyumba hivyo visivyolaliwa zitalipokea lile jua la alasiri kwa niaba ya wanaolala. Stoo iende huko pia, na ngazi kama ipo. Vitanda vikae mashariki na katikati, na kila chumba cha kulala kiwe na tundu mbili, moja kaskazini na moja kusini, maana upepo usio na pa kutokea hauingii. Dirisha moja peke yake, hata liwe kubwa kiasi gani, ni mdomo usio na pua.

Rudi kwenye karatasi. Futa vile vyumba vitatu vya fundi. Acha ile nafasi ya futi 15 ya kusini ilivyo, na kamba yake na kuku wake, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kusi kuingia nyumbani. Nenda nyuma, uani. Kwenye mpaka wa magharibi chora ukanda wa futi 8 kutoka mwisho wa kiwanja: huo ni wa jiko jipya, bafu na vyoo viwili, kimoja cha wenyewe na kimoja cha wapangaji. Sasa, kutoka kona ya nyuma ya nyumba upande wa kusini, chora safu ya vyumba vitatu vya kumi kwa kumi, vikifuatana kuelekea magharibi mpaka kwenye huo ukanda. Futi 30 za vyumba na 8 za ukanda ni 38, ndio urefu wote wa ua wako. Kati ya safu hiyo na mpaka wa jirani wa kusini acha njia ya futi 5.

Vyumba ni vitatu vile vile. Kiwanja ni kile kile. Hakuna dirisha hata moja la nyumba ya zamani lililozibwa. Kila chumba kipya kina tundu kusini na tundu kaskazini. Na ua umebaki, futi 35 kwa 30, wa kupikia pilau la harusi na wa kuwekea jeneza, Mungu atuepushie mbali. Gharama iliyoongezeka ni ule ukuta mmoja wa futi 30 ambao fundi alitaka kuuokoa. Ulipe.

Kuna jambo ambalo pengine halionekani kwenye karatasi yako, nalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Milango ya vile vyumba vitatu umeiweka upande gani?

Ukiiweka kaskazini, itafungukia uani. Ikiwa wanaolala humo ni mwanao na mkewe, vizuri. Lakini ikiwa ni wapangaji, umemnyang'anya mama mwenye nyumba ua wake. Uani ndipo anapokaa bila buibui, ndipo anapokuna nazi, ndipo binti zake wanaposukana nywele. Mpangaji ni mtu mzuri, analipa, anasalimia, lakini kila akitoka kwenda kazini saa kumi na moja alfajiri au akirudi usiku na rafiki yake, watu wa ndani wanakimbilia vyumbani. Baada ya mwaka mmoja utaona: mama amehamia jikoni, ua umekuwa wa wapangaji, na hakuna aliyewahi kukaa kikao akaamua hivyo. Ramani ndiyo iliyoamua.

Kwa hiyo milango ya wapangaji iwe kusini, kwenye ile njia ya futi 5, na njia hiyo iwe na lango lake barabarani. Upande wa kaskazini, unaotazama uani, weka madirisha mapana lakini ya juu, kuanzia futi 6 kutoka sakafuni. Hewa itapita, macho hayatapita. Wazee waliojenga Mji wa Kale na Lamu walikuwa na mbinu nyingi za kumpokea mgeni bila kumwonyesha ndani, kuanzia daka la mlangoni mpaka kumpindisha anayeingia asione uani kwa mara moja, nao walifanya hivyo kwa vyumba ambavyo upana wake ulifungwa na urefu wa boriti ya mkoko, wenye futi nane au tisa tu. Sisi tuna nondo na zege, chumba tunaweza kukipanua tutakavyo, na bado tunashindwa kumstiri mtu ndani ya nyumba yake.

Choo tumekiweka magharibi, lakini kwa Mwislamu kazi haijaisha hapo. Anayekaa chooni haifai aelekee kibla wala akipe mgongo. Basi bakuli la choo liwekwe ili mtu aelekee mashariki au magharibi. Nimeingia nyumba mpya, zina marumaru mpaka darini, na choo kimeelekezwa kaskazini tiki, na mwenye nyumba anakaa upande upande maisha yake yote. Hilo ni jambo la kumwambia fundi kabla bomba halijalazwa. Baada ya hapo ni kuvunja.

Na bomba likitajwa, tuseme kuhusu maji. Mji huu hauna maji yake ya kutosha. Ya chemchemi za Mzima yanatoka Tsavo kwa bomba lililokamilika miaka ya 1950, bara ya kaskazini inategemea Baricho kwenye mto Sabaki, Likoni inategemea Tiwi na Marere, na sote tunategemea kijana wa mkokoteni. Nyumba yetu ya kwenye karatasi ina paa la futi 36 kwa 30, ambalo ni kama mita mraba 100. Kila milimita moja ya mvua ikiangukia paa hilo ni lita 100. Mvua moja ya kawaida ya masika, ya milimita 10, ni lita elfu moja, yaani mitungi 50 ya lita 20. Mombasa hupata zaidi kidogo ya milimita elfu moja kwa mwaka. Mengi ya maji hayo tunayaacha yachimbe msingi, kisha tunanunua ya mkokoteni.

Tangi basi lichorwe kwenye ramani tangu mwanzo, lisije kutafutiwa mahali baadaye. Liko karibu na jiko, chini yake kuna jukwaa la mawe, na mifereji ya mapaa yote mawili inaelekea kwake. Hapa ile safu ya nyuma ina faida nyingine juu ya ramani ya fundi. Paa linaloegemea nyumba ya zamani lazima lianzie chini ya upenu wa zamani, na likiteremka futi 10 unajikuta mlangoni unainama. Halafu pale bati jipya linapokutana na ukuta wa zamani panavuja. Watapaka lami, watapaka simiti, watatia karatasi ya nailoni. Masika ya pili panavuja. Paa lililosimama peke yake halina ugomvi huo.

Maji machafu ni hadithi nyingine. Changamwe kuna mtambo wa Kipevu unaopokea maji taka ya sehemu ya bara ya magharibi. Likoni na Kisauni, karibu kila mtu ana shimo lake. Na chini yetu kuna jiwe la matumbawe, ambalo lina matundu mengi na hushindwa kuchuja uchafu kama udongo. Kinachotiwa shimoni leo kinaweza kuwa kisimani kesho. Umbali unaotajwa sana kati ya kisima na shimo ni mita 30. Kiwanja chetu kizima hakina hata mita 25 kwa urefu. Pima mwenyewe: futi 80. Maana yake ni kwamba ndani ya kiwanja kama hicho huwezi kuwa na shimo na kisima cha kunywa kwa wakati mmoja, na hata ukifunga chako, cha jirani kipo upande wa pili wa ukuta. Ukiongeza wapangaji watatu na familia zao, umeongeza pia kinachoingia shimoni. Shimo la watu wanane halitoshi watu ishirini. Litajaa, litafurika masika, na gari la kunyonya litahitaji njia ya kufika. Kwa hiyo usilijengee juu, na usiliweke mahali ambapo mpira wa gari haufiki. Maji ya kisima, kama kipo, yatumike kuoshea na kumwagilia. Ya kunywa yatoke paani au bombani, nayo yachemshwe.

Kuhusu ardhi yenyewe sitakaa sana, ila ujue bara zetu hazifanani chini. Kisauni na Likoni, pwani pwani, ni matumbawe na mchanga. Ukipanda Changamwe kuelekea Miritini unaingia kwenye udongo wa mfinyanzi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Nyumba ya zamani imekwisha kukaa. Mpya ndiyo kwanza inaanza kukaa. Ukizifunga pamoja kwa nguvu, zitapasuka pale zinapokutana. Kama ni lazima ziguse, acha mwanya kati yao, na kila moja isimame kwa msingi wake. Na mchanga wa baharini usikubali uingie kwenye zege lenye nondo, hata kama ni wa bure, kwa sababu chumvi yake hula chuma ndani kwa ndani.

Chuma kikinikumbusha jambo, ni zile nondo zinazochomoza juu ya paa kila mtaa kuanzia Kiembeni mpaka Shika Adabu. Zimeachwa ili siku moja ghorofa ije. Miaka inapita, ghorofa haiji, chumvi ya hewa inazila. Siku pesa inapopatikana, fundi anaunga nondo mpya kwenye kutu na kumwaga slabu juu ya msingi uliohesabiwa kubeba bati. Aprili 2025, pale Mtopanga, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa limeanza kuzama lilibidi kubomolewa kwa baruti, na wakazi wa karibu wakahamishwa kwanza. Anayetaka kupanda juu amlete mhandisi apime msingi kabla hajaleta mawe. Asiyekuwa na pesa ya mhandisi hana pesa ya ghorofa.

Yote niliyosema yanachukulia kwamba ardhi ni yako. Na hapo, ndugu zangu, najua nimewaumiza wengi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai katika ukanda wa pwani alisajili, na waliojua na kuwa na uwezo wakasajili, na wengi waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao papo hapo wakajikuta kwenye ardhi ya mtu mwingine. Ndipo Mombasa ikapata ule utaratibu wake, ambapo mtu ana nyumba lakini ardhi iliyo chini ya nyumba si yake, na kila mwezi analipa kodi ya kiwanja. Mila ya pwani ilikubali mambo hayo mawili yatengane. Likoni, shamba la Waitiki la ekari 930 lilikuwa na maelfu ya watu wa namna nyingine, waliokaa bila karatasi yoyote, mpaka serikali ilipolinunua na hati zikaanza kutolewa Januari 2016.

Makubaliano mengi ya zamani kati ya mwenye nyumba na mwenye ardhi yaliruhusu nyumba inayoondoka tu: miti, udongo, makuti, baadaye bati. Watu wameyasahau masharti hayo, lakini warithi wa mwenye ardhi huwa na kumbukumbu nzuri sana siku wanapopata mnunuzi. Kwa hiyo, kama unalipa kodi ya kiwanja, usiongeze hata chumba kimoja cha mawe kabla ya kupata ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi, na mashahidi wawili. Asipokupa, ongeza kwa vitu vinavyofunguka: nguzo za mbao au chuma zilizofungwa kwa bolti, kuta za mbao, mabati, sakafu ya bloku zilizopangwa bila kumwagiwa zege. Ramani inabaki ile ile. Upepo hauulizi hati.

Na mwenye hati naye hajaachwa huru. Kuongeza vyumba ni ujenzi mbele ya sheria. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha serikali ya kaunti, na kanuni mpya ya kitaifa ya ujenzi, ile ya 2024 iliyoanza kutumika Machi 2025, imechukua mahali pa ile tuliyoishi nayo tangu 1968. Najua watu wanachoka na foleni za ofisini, najua wengine hujenga Ijumaa jioni ili Jumatatu ukuta uwe umeshapanda. Lakini ile alama nyekundu ya X ikishachorwa ukutani, mpangaji haingii, benki haikopeshi, na nyumba haiuziki. Kibali kichukue, hata kwa vyumba vitatu vya bati.

Sasa la mwisho, na hili halihitaji fundi wala kaunti. Kabla ya kuchimba msingi, nunua mfuko mmoja wa chokaa. Ichore ramani yako yote chini, uani, kwa ukubwa wake halisi: vyumba, milango, jiko, vyoo, njia ya wapangaji, tangi. Weka kitanda ndani ya chumba cha chokaa uone kama mlango utafunguka. Halafu waite watu wa nyumbani, na kwanza kabisa wale wanaopika, wanaofua na wanaoamka usiku na watoto. Watembee. Bibi mwenye magoti mabovu atoke kitandani kwake aende chooni, usiku, bila taa. Anayepika abebe sufuria kutoka jikoni mpaka ukumbini. Yeyote atakayesema hapa pamebana, chora upya papo hapo, hata kama wewe ndiye unayelipa na yeye hachangii hata shilingi. Wao ndio watakaokaa humo mchana kutwa. Wewe utarudi jioni kula.